Roboti Tuliyoijenga Barazani, Ihanda

Kwa muda wa mwaka hivi nilikuwa na starehe ambayo nisingeitaja mbele ya wenzangu ofisini. Kila jioni nikishakula, naegemea mto, nawasha simu na kuangalia watu wakiunganisha roboti za plastiki. Mimi, mwanamke mzima mwenye kazi yake.

Video zenyewe hazina maneno. Unaona meza na mikono tu. Mikono inashika fremu ya plastiki iliyojaa vipande vidogo vidogo, inakata kimoja, inakisugua kwa msasa, inakichomeka kwenye kingine. Taratibu kinatokea kidole, kisha kiganja, kisha mkono mzima unaokunjika kwenye kiwiko. Hakuna gundi wala skrubu. Mwishoni inasimama roboti yenye kimo cha chupa ya soda, inageuza shingo, inapiga goti, inakunja ngumi. Nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Tunduma, na siku yangu nzima ni kuhangaika na nyaraka za malori yanayokwenda Zambia na Kongo, karatasi ambazo hazikubaliani hata siku moja. Kuona kitu kikiingia mahali pake sawasawa kulinituliza kuliko usingizi.

Mwishowe nikataka ya kwangu. Kuna mama mmoja hapa mjini anayeagiza vifaa vya simu kutoka China, nikampelekea picha.

"Ya mtoto?" akaniuliza.

"Ya mtoto," nikajibu, ingawa sina mtoto.

"Orijino sikuahidi. Ila zipo zinazotengenezwa na watu wengine, si kampuni yenyewe. Hao hawaandiki hata jina. Nyingine nzuri, nyingine majanga matupu. Utabahatisha."

Nikabahatisha. Boksi lilifika limebonyea pembe moja. Juu yake kulikuwa na picha ya roboti nyeupe na bluu imesimama katikati ya moto, imezungukwa na maandishi ya Kichina. Pale ambapo ungetegemea jina la kiwanda palikuwa peupe. Nililifungua kidogo tu, nikanusa ile harufu ya plastiki mpya, nikalifunga. Chumba changu cha kupanga kina meza moja, na juu ya hiyo meza kuna jiko la gesi. Nikaamua kusubiri likizo niende nalo nyumbani.

Nyumbani ni Ihanda, huko Mbozi. Likizo iliangukia Juni, kahawa zikiwa zimeiva na baridi ikiwa ile ya kumfanya mtu aote moto na koti mwilini. Mama yupo peke yake na kaka yangu, na kila mwaka msimu ukifika naenda kuwasaidia kuchuma.

Huyu kaka ndiye mkubwa kwetu. Alikuwa fundi wa kuchomelea Tunduma, kwenye magereji ya matrela. Lori likipasuka chesisi njiani, madereva walikuwa wanamwulizia yeye kwa jina, hata Wazambia, na akimaliza kazi walikuwa wanapitisha kidole pale alipounga na kutikisa kichwa. Kisha macho yake yakaanza kupungua kutokea pembeni. Tukasingizia mwanga wa kuchomelea. Alipokwenda hospitali wakamwambia ni presha ya macho, imekaa muda mrefu, na kilichopotea hakirudi. Aliendelea kufanya kazi hivyo hivyo, akigeuza kichwa kama kuku ili aone kwa ule upenyo uliobaki, mpaka siku alipochomelea pembeni ya chuma akidhani yupo juu yake. Siku hiyo aliweka vifaa chini, akapanda gari akarudi kwa mama. Baada ya muda hata ule upenyo ukaziba. Mchumba aliyekuwa naye akapunguza kuja, halafu akaacha, bila ugomvi wowote.

Kuna kazi alizokuwa anafanya. Alipukuchua mahindi, alichota maji, aligeuza kahawa kwenye meza za kuanikia, akifuata waya aliojivutia mwenyewe kutoka mlangoni. Lakini alikuwa hazungumzi. Kaka niliyemjua alikuwa mtu wa kelele, mtu wa kubishana mpira mpaka sauti inakauka. Huyu wa barazani alikuwa akijibu "ndiyo", "hapana" na "sawa tu", redio ikinong'ona pembeni yake. Mama alishazoea. Mimi nilikuwa nikifika natamani angalau anigombeze.

Siku ya pili ya likizo, baada ya chakula cha mchana, mama alikwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nikavuta meza ndogo barazani, nikatoa boksi. Sikuwa na koleo maalumu kama la wale wa kwenye video, nilikuwa na kikata kucha. Nikakata kipande cha kwanza.

Kaka akapunguza redio.

"Unakata kucha za nani?"

"Zangu."

"Hizo si kucha. Kucha hazilii hivyo."

Nikaona aibu, kama mtu aliyekutwa anaiba sukari. "Ni kitu cha kuchezea tu, kaka. Roboti ya plastiki. Unaiunganisha mwenyewe."

Akanyoosha mkono. "Lete."

Nikampa kile kipande, kilikuwa ni wayo wa mguu. Alikigeuza kwa vidole muda mrefu. Halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya: alikipeleka mdomoni na kukipitisha polepole juu ya mdomo wa chini, kama mtu anayepima joto la uji.

"Kimemiminwa hiki," alisema. "Hapa ndipo plastiki ilipoingilia ikiwa bado ya moto. Na huu mstari hapa pembeni ni pale kalibu mbili za kumiminia zilipokutana. Uguse."

Nikagusa. Sikuhisi kitu. Nikagusa tena kwa ncha ya kucha, na kwa shida nikahisi kamstari kembamba kuliko unywele.

"Zimekutana vizuri sana hizo kalibu," akasema. "Nani katengeneza?"

"Sijui. Hawakuandika jina."

"Wajinga. Kazi nzuri hivi halafu hawajitaji."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema tangu nifike. Sikutaka yaishe, nikamrudishia kipande nikaendelea kukata. Kumbe kuangalia video mwaka mzima si kujua kazi. Nilikata kimoja karibu mno nikatia kovu. Kingine nilikilazimisha kwenye tundu, kikapasuka ukingoni. Kaka alisikia.

"Acha," alisema. "Kaa hapa upande wangu. Wewe nisomee, mimi nifunge."

"Hakuna cha kusoma, kaka. Ni picha tu, na Kichina."

"Basi nisomee picha."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilianza hivi: "Chukua hiki, kiweke hapa, halafu kingine kinakuja huku."

"Hiki kipi? Hapa wapi?" aliuliza kwa ukali. "Mimi nina mikono, sina hapa. Sema upya."

Nikasema upya. Nikalazimika kukitazama kila kipande kama sijawahi kuona kitu maishani. Kina pembe ngapi? Tundu lake ni la duara, au ni duara lililokatwa upande mmoja? Kile kijiti kinachoingia kimekaa katikati au karibu na ukingo? Tukaanza kuvipa majina. Kulikuwa na jembe, na punje, na sikio la mbuzi. Kimoja tulikiita kiti cha mchungaji kwa sababu kilikuwa na mgongo mrefu. Nikisema, "Shika kiti cha mchungaji, mgongo ukuelekee wewe, punje iingie kwenye tundu la chini la kushoto," alikuwa anatulia kidogo, vidole vinatembea, halafu kinaingia. Wala hakuwa anasukuma. Alikuwa anakitafutia kipande njia yake, na kikishaipata kinaingia chenyewe.

Alisugua pia yale makovu ya kukatwa. Nilimpa msasa laini, akawa anasugua kidogo, anapima kwa mdomo, anasugua tena. Mimi kwa macho yangu nilikuwa naona kovu limekwisha, yeye anasema bado.

Tukawa na utaratibu. Asubuhi tunachuma kahawa na mama mpaka jua linapasha mgongo, mchana tunakula, kisha tunakaa barazani. Mama alipita akatuona tumeinamia meza, akauliza kama nimeanza kuuza dawa za mimea. Nikamwambia ni roboti. Akasema, "Haya," akaenda kulala kidogo.

Ndani ya roboti hizi kuna mifupa. Ndivyo zilivyo, na hata hii isiyo na jina ilikuwa hivyo. Kwanza unajenga mifupa ya kijivu yenye viungo vyote, halafu unaivika maganda ya nje, kipande kwa kipande. Tulianza na miguu. Siku tuliyomaliza goti la kwanza na kulivika ganda lake, kaka alishika paja kwa mkono mmoja na wayo kwa mwingine, akakunja.

Akaacha ghafla.

"Subiri," alisema. "Kuna kitu kimesogea ambacho sikukigusa."

Alikunjua, akakunja tena, safari hii akiwa ametandaza kidole juu ya paja. Nikaangalia kwa makini. Goti lilipokunjwa, ganda la paja lilipanda juu lenyewe, na nyuma, kwenye shavu la mguu, kibao kidogo kilifunguka kama mlango kuachia nafasi. Goti likinyooka, kila kitu kinarudi na kufunga. Vilikuwa vipande vile vile tulivyovipachika sisi, kimoja kimoja, bila kujua vitakuja kufanya nini vikiwa pamoja. Nilikuwa nimeona jambo hilo kwenye simu mara nyingi. Mbele yangu, kwenye mikono ya kaka, nilisikia nywele zikinisimama.

Kaka akaanza kucheka. Alikunja akakunjua, akakunja, akacheka kile kicheko chake cha zamani cha kwenye gereji, kinachoanzia tumboni. Mama alikuwa shambani nyuma ya nyumba. Alikuja mbio na ndoo yake ya kahawa mkononi, punje nyekundu zikidondoka njiani.

"Kuna nini?"

"Mama, njoo ushike goti," kaka alisema.

Mama aliweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye khanga, akashika. Kaka akamwongoza kidole kama mama alivyokuwa akimwongoza yeye miezi ya kwanza ya upofu. "Sasa kunja. Umeona? Umeona linavyopanda?"

"Jamani," mama alisema. "Lina goti kama mtu."

"Goti la mtu halikutengenezwa vizuri hivi. La kwako linakuuma kila baridi."

"Wewe, usimkosoe Mungu," mama alisema. Lakini hakuwa anaangalia goti, alikuwa anamwangalia mwanawe. Alikaa kwenye kizingiti pale pale na ndoo yake, hakurudi shambani mpaka jua lilipopungua.

Haikuwa raha tupu. Tulipofika mabegani tulikwama. Bega la kulia liliingia vizuri. La kushoto nikasoma picha kama kawaida, kaka akajaribu, likagoma. Akageuza, likagoma.

"Umesoma vibaya."

"Nimesoma kilichopo."

"Basi soma tena, safari hii kwa macho."

"Ninayo macho, kaka, na picha ndivyo inavyosema."

Nilijua nilichokisema kabla sijamaliza kukisema. Aliweka kipande mezani taratibu, akasimama, akashika ule waya wake akaenda kwenye meza za kahawa. Nilimsikia akigeuza kahawa, na akaendelea kugeuza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Jioni alikula ugali wake pembeni ya redio. Nikafikiri nimeharibu kila kitu kwa sentensi moja.

Kesho yake mchana alitangulia yeye kukaa mezani.

"Nipe fremu zote," alisema. "Zile zenye vipande vilivyobaki. Zote."

Nikampangia mbele yake. Alizipitia moja moja, vidole vikitembea juu ya vipande kama mama anavyopembua maharage kwenye ungo. Hakuniuliza kitu. Fremu ya kwanza akaisogeza, ya pili akaisogeza. Kwenye nyingine akasimama, akarudi nyuma kidogo, akakamata kipande kimoja katikati ya vidole viwili. Kwa mkono wa pili alichukua kile kilichogoma jana.

"Hawa ni mapacha," alisema. "Lakini mmoja anaangalia huku, mwingine anaangalia kule. Jana tulimpa bega la kushoto pacha wa kulia. Hebu angalia kitabu, namba gani wameandika?"

Nikaangalia. Kwa bega la kulia na la kushoto walikuwa wameandika namba ile ile, na kwenye fremu namba hiyo ilikuwa na vipande viwili sawa, kimoja cha ziada. Kiwanda kile kisicho na jina kilikuwa kimekosea, na mimi nilikuwa nimesoma kosa lao kwa uaminifu kabisa.

"Picha imedanganya," nikasema.

"Picha imedanganya," akakubali, na nikaona ametabasamu. Ugomvi wetu ukaishia hapo, hakuna aliyeutaja tena.

Kilichonishangaza si kwamba alikipata. Kilichonishangaza ni kwamba umbo la kile kipande, kidogo kama jino la mtoto, alikuwa amelala nalo. Alikuwa amekula nalo ugali na kugeuza nalo kahawa, likiwa zima kichwani mwake, na mchana alilitafutia pacha wake kwa kugusa tu, katikati ya vipande chungu nzima. Mimi ninayeona nisingeweza kukuambia kilikuwa na pembe ngapi.

Tulipofika kiunoni tukapata tatizo ambalo si la kusoma. Kila mguu unashikiliwa kwenye nyonga na kijiti kifupi chenye kichwa cha mviringo. Cha kulia kilikuwepo. Cha kushoto, pale kwenye fremu kilipotakiwa kuwa, kulikuwa na nusu ya kitu.

Kaka alikigusa. "Plastiki ilipoa kabla haijajaa," alisema. "Haikufika mwisho."

"Tutafunga na uzi," nikasema.

"Uzi," alirudia, kama nimetukana. Kisha: "Kuna mswaki wa zamani humu ndani? Na mama ana makaa?"

Mama alikuwa jikoni anapika maharage. Kaka alipoingia na kuomba asogezwe karibu na jiko, mama alishika mwiko kifuani.

"Mwanangu, moto?"

"Moto naujua, mama. Kilichonitoka ni mwanga tu."

Tukampa nafasi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, tayari kumvuta. Aliinua mkono wa kushoto juu ya makaa, nyuma ya kiganja ikiangalia chini, akaushusha polepole mpaka alipopata joto analolitaka, akauacha pale kama alama. Halafu kwa mkono wa kulia akaleta mpini wa mswaki mpaka pale pale. Alikuwa anasikiliza. Plastiki ilipoanza kulainika alijua kabla yangu, kwa harufu labda, au kwa uzito. Akautoa, akauviringisha haraka kati ya ubao na mgongo wa kijiko, akauvuta ukawa mwembamba. Wa kwanza ukakatika. Wa pili ukatoka umepinda, akaurudisha motoni ukaungua, jikoni kukanuka. Mama akafungua mlango wa nyuma. Wa tatu ukatoka umenyooka. Maharage yalikuwa yameacha kuchemka na hakuna aliyejali.

Tukiwa tumerudi barazani, alishika kijiti cha kulia mkono mmoja, na cha mswaki mkono mwingine, akapima kwa vidole, akakwangua kwa wembe, akapima kwa mdomo, akasugua. Nilimwona usoni. Ni uso niliouona nikiwa msichana, nilipokuwa nikimpelekea chakula gereji, akiwa amevua kofia ya kuchomelea na kuinamia kazi, dunia nzima imeishia pale alipoinamia. Sikutegemea kuuona tena.

Kiliingia. Mguu wa kushoto ukashika. Akauinua, akauacha, ukabaki pale pale alipouacha bila kulegea.

"Mswaki ulikuwa wa rangi gani?" aliuliza.

"Mwekundu."

"Na wenzake?"

"Kijivu. Lakini hautaonekana, unafunikwa na ganda."

"Mimi nitajua upo," alisema.

Stika zilikuwa kazi yangu, vikaratasi vya rangi unavyovibandika kwa ncha ya sindano. Kaka aliniuliza kila kimoja kinakaa wapi na kina rangi gani. Macho ya roboti yalikuwa stika mbili ndogo za kijani kibichi, ndani kabisa ya kofia. Nilizibandika moja moja, naye akiwa ameshika kichwa kile kisicheze.

Kisha tukaifungia kichwa, na kaka akaisimamisha katikati ya meza. Akaondoa mikono yote miwili kwa pamoja, akaiacha hewani pembeni yake, tayari kuidaka.

"Imesimama?"

Ilikuwa saa zile za alasiri ambapo jua la Mbozi linalala chini na kuingia mpaka ndani ya baraza. Ile roboti ilisimama kwenye mwanga huo, weupe wake umekuwa kama maziwa, ngumi zimekunjwa, kidevu kimeinuka. Haikufanana na vitu vya kuchezea. Ilionekana kama imefika kutoka mbali na inapumzika kabla ya kusema kilichoileta. Nilitaka kumweleza kaka hayo yote, nikashindwa. Nilisema tu, "Imesimama, kaka. Imesimama yenyewe."

Alishusha viganja taratibu mpaka vikaigusa mabegani, akavipitisha chini kwenye mikono, kiunoni, magotini, nyayoni, akarudi juu usoni. Alipofika kwenye kofia alipitisha kidole mbele ya yale macho bila kuyagusa.

Mama alikuja akasimama nasi. "Sasa inafanya nini?"

"Haifanyi kitu, mama," nikasema. "Inasimama tu."

Mama alifikiri. "Kazi yote ile," alisema, akainama kuiangalia usoni, karibu kabisa, pua kwa pua. "Lakini imependeza jamani. Imependeza kweli."

Niliiacha kwao, juu ya kabati la vyombo.

Nisiseme kwamba kaka alibadilika kuwa mtu mwingine. Mama ananiambia zipo siku bado anaamka hataki kuongea, na siku hizo wanamwacha. Macho yake hayajarudi wala hayatarudi. Lakini Krismasi nilipokwenda, alikuja mgeni, mzee wa kanisa kutoka Mbozi Mission, rafiki wa marehemu baba yetu. Aliiona kabatini akauliza ni sanamu gani ile. Kaka akaomba aletewe, akaiweka mapajani, akaanza kumweleza.

Hakuanza na nje, alianza ndani. Alimweleza mgongo wenye pingili tatu, kila pingili inageukia wapi. Alimweleza kile kijiti kilichojificha kifuani kinachoshika mabega yote mawili, na namna kiwiko kilivyo na viungo viwili, si kimoja, ndiyo maana ngumi inafika begani. Alitaja mswaki. Alitaja kipande nilichopasua mimi siku ya kwanza, kipo chini ya ganda la mguu wa kulia, na ufa wake una urefu wa punje ya mchele. Vitu vyote hivyo vilishafunikwa miezi mingi. Mimi niliyekata kila kipande kwa mkono wangu nilikuwa nimevisahau, kwa sababu nilipoiangalia niliona nyeupe na bluu, nikaridhika. Yeye alikuwa anaiona yote kwa wakati mmoja, mpaka katikati. Yule mzee aliacha kuiangalia roboti, akawa anamwangalia kaka, kikombe cha chai kikimpoa mkononi.

Mgeni alipoondoka, kaka akaniambia, "Tafuta nyingine. Kubwa zaidi."

Nilimpelekea mwezi wa pili, kiwanda kingine kisicho na jina, kopi ya kitu chenye mabawa. Boksi nililituma kwa basi. Kitabu cha picha nilibaki nacho mimi, maana likizo ilikuwa mbali na yeye hakutaka kusubiri. Sasa tunajenga kwa simu. Nikitoka kazini naweka kitabu juu ya meza pembeni ya jiko la gesi, nampigia, mama anaiweka simu kwenye spika na kuiegemeza kwenye kikombe. Mimi sioni vipande, yeye haoni picha. Namwambia kuna kitu kama mkia wa njiwa, chembamba mwanzo na kipana mwisho, na kina meno upande wa chini. Namsikia akikitafuta.

"Meno mangapi?"

"Manne."

"Hiki kina matano."

"Basi siyo hicho."

"Au picha imedanganya. Subiri."

Nasubiri. Nje kwangu malori yamesimama foleni mpaka nisikouona mwisho wake, madereva wanaitana kwa Kibemba na Kiswahili, dada mmoja anapita akiuza mayai. Upande wa pili wa simu nasikia kuku wa mama, na pumzi ya kaka yangu, nzito, ya mtu aliyeinamia kazi. Nimefumba macho bila kukusudia. Najaribu kukiona kile anachokishika.

"Ni matano," anasema hatimaye. "Kimeingia. Futa hiyo manne kwenye kitabu, andika tano. Haya, kinachofuata."